Tengefu Yetu na Wageni Wanaokuja Kuitazama

(Maneno ya Katibu wa Muungano, yaliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama wanachama siku ya kuadhimisha mwaka wa kumi)



Tumeamriwa na Halmashauri tuseme machache juu ya mwamba wetu uliotengwa, na juu ya wageni wanaokuja kuogelea na kuzamia pale. Pengine mwadhani kwamba katika sherehe kama hii, ng'ombe akiwa amekwisha kuchinjwa na ngoma zikingoja uani, katibu atasimama asifu, apigiwe makofi, kisha akae. Sisi wenyewe tungependa iwe hivyo. Lakini nyote mwajua kwamba katika mkutano wa jioni liko shauri lililoletwa na baadhi ya wanachama, nalo ni hili: kwamba tengefu ifunguliwe kwa mwezi mmoja wa kaskazi, watu wavue, wapate na wao kuonja kile walichokilinda. Shauri hilo si la wajinga wala si la wezi. Wameleta watu tunaowaheshimu, na miongoni mwao wamo waliotia maboya yale baharini kwa mikono yao. Basi hatutaki kuwajibu kwa dharau. Twataka kuwajibu kwa habari za watu wengine waliotutangulia katika njia hii, na kwa habari zetu sisi wenyewe, pamoja na zile ambazo hazitupi sifa.

Yafaa tuanze kwa kukiri jambo. Sisi wa ofisini tuliandika habari za mwamba huu muda mrefu kabla ya kuuona. Tulikuwa tumetoka shule ya sekondari na kalamu mfukoni. Tulijua kutunza daftari la fedha, kuandika kumbukumbu za mkutano na kujibu barua za serikali. Mwamba kwetu ulikuwa ni maboya yanayoelea, na mstari mmoja katika hesabu za mwisho wa mwezi. Siku moja mzee mmoja wa chama cha wavuvi, ambaye siku hizi huwaongoza wageni, alitucheka akasema, "Ninyi mwahesabu mayai, na kuku hamumjui." Akatuvika miwani ya kuzamia, akatutia mrija wa kupumulia kinywani, akatushika mkono kama mtoto apelekwaye chuoni siku ya kwanza, tukaingia majini.

Wajumbe wa pwani watatusamehe tukieleza wanayoyajua. Kati yetu wako wa vyama vya maziwa na vya korosho, ambao wengi wao hawajapata kutia kichwa chini ya maji ya chumvi, nao ndio wanaouliza kila mwaka kwa nini Muungano ulipe mafuta ya mashua ya walinzi. Wana haki ya kuuliza. Basi jambo la kwanza ni woga. Mtu husikia pumzi yake mwenyewe masikioni kama mtu akoromaye, na moyo humwambia kwamba mrija ule hautatosha. Baada ya dakika chache woga hutoka, na hapo ndipo macho huanza kuona. Tuliwaona pono wa rangi ya kijani wakiguguna mwamba, na mlio wa meno yao tukausikia waziwazi majini. Wao hula majani madogo yaotayo juu ya mawe, wakasaga na mawe yenyewe, na kinachotoka tumboni mwao ni mchanga. Sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe ambao watu hutoka Ulaya kuja kuulalia imepita kwanza matumboni mwa pono. Tulimwona chewa amejibanza chini ya jabali, akitutazama kama karani asiyetaka kusumbuliwa. Kasa alipita chini yetu bila haraka yoyote. Na kikande mmoja mkubwa, aliyekuwa akilinda mayai yake, alitujia kwa hasira hata mzee akatuvuta mguu tukaondoka pale upesi. Alituambia baadaye kwamba huyo ndiye askari pekee wa mwamba asiyedai mshahara.

Kisha akatuvusha mstari wa maboya, akatuonyesha upande wa pili. Pale palikuwa na vifusi vya matumbawe yaliyovunjika, na juu ya vifusi vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu, vile vinavyowachoma watu nyayo, vimejaa hata hapakuwa mahali pa kuweka mkono. Sababu yake wataalamu walioichunguza miamba ya Kenya wameieleza tangu miaka mingi. Kikande ndiye alaye viumbe hivyo. Akivuliwa akaisha, hivyo vya miiba huzaana pasipo kizuizi, navyo huukwangua mwamba usiku na mchana mpaka ukawa kifusi, na kifusi hakifichi samaki. Mvuvi hamtazami kikande kuwa samaki wa maana, lakini akimwondoa huyo, changu na tafi humfuata.

Twaomba mjue pia tumbawe ni kitu gani, maana katika shauri la kufungua watu wanasema "mwamba hauwezi kukimbia". Tumbawe si jiwe. Ni wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wakaao pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa. Yale yenye matawi huweza kurefuka sentimita kumi hivi kwa mwaka; lakini yale makubwa ya mviringo huongezeka kiasi cha sentimita moja tu. Kwa hiyo lile jabali la tumbawe lililo kimo cha meza, ambalo nanga moja yaweza kulipasua kwa mara moja, lilianza kukua miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa. Na wanyama hao hawapendi joto. Maji yakizidi joto la kawaida kwa digrii moja au mbili, yakakaa hivyo kwa majuma kadhaa, matumbawe huwa meupe na mengi hufa. Mwaka 1998 yalikufa kwa wingi mno katika pwani hii yote, na joto hilo limerudi tena mwaka 2016 na mwaka 2024. Hilo hatuwezi kulizuia kwa maboya. Tuwezalo ni kuyaacha yaliyobaki yapate nafuu bila kuvunjwa na sisi wenyewe.

Sasa tuje kwenye historia. Katika nchi yetu mbuga za bahari za kwanza, za Malindi na Watamu, zilitengwa mwaka 1968, nazo zilitengwa na Serikali. Zina manufaa, na samaki wake twawaona. Walakini mvuvi wa kawaida aliziona kama uzio wa mtu mwingine. Jambo jipya lilitokea Kuruwitu, katika Kilifi. Huko wavuvi wenyewe, walipoona samaki wamepungua, waliunda chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari yao yapata hekta 30, wakakatazana wao kwa wao kuvua humo. Wengi waliwacheka. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Equator, itolewayo na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na vijiji vingine vingi vya pwani vimefuata mfano wao. Kanuni za mwaka 2007 zilizoleta BMU ziliwapa wavuvi njia ya kisheria ya kusimamia fuo zao. Sisi tulikwenda kule kujifunza, tukarudi tukafanya kama wao. Hatukuvumbua kitu.

Ila kuna habari ya mbali zaidi, ya Ufilipino, ambayo twataka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayojibu shauri la leo. Nchi ile ni ya visiwa na wavuvi wadogo kama sisi. Mtaalamu wao mmoja, Angel Alcala wa Chuo Kikuu cha Silliman, ndiye aliyesaidia kutenga mwamba katika kisiwa cha Sumilon mwaka 1974. Kwa miaka kumi sehemu ile haikuvuliwa. Wavuvi wa pembeni walipata samaki vizuri kwa malema na nyavu katika sehemu iliyoachwa wazi. Kisha, mwaka 1984, mambo ya uongozi wa mji yakaharibika, ulinzi ukavunjika, watu wakaingia wakavua.

Sikilizeni basi yaliyofuata. Ndugu zetu walioleta shauri wanafikiri kwamba tukifungua tutapata samaki wa ndani juu ya wale wa nje. Sumilon palifunguliwa pote, mahali pa kuvua pakaongezeka, na bado baada ya muda wa miaka miwili hivi jumla ya samaki waliopatikana kisiwani ilikuwa imepungua kwa kiasi cha nusu. Mahali palipanuka na kapu likapungua! Sababu ni kwamba wale wa nje walikuwa wakitoka ndani. Samaki wakubwa wa ndani ndio waliokuwa wakizaa na kusongamana na kumwagikia nje, na walipovuliwa hao hapakuwa tena na kitu cha kumwagika.

Na hapa twataka kuongeza jambo moja ambalo wazee walitufundisha, na wataalamu wamelipima. Samaki jike akiwa na uzito mara mbili ya mwenzake, mayai yake si mara mbili tu, huzidi. Chewa naye huanza maisha yake akiwa jike, na akishakuwa mkubwa hugeuka dume. Mwezi mmoja wa kuvua ndani, ambao bila shaka kila mtu atatafuta kwanza walio wakubwa, utaondoa madume ya chewa na majike bora ya samaki wengine wengi. Tengefu ikifungwa tena mwezi wa pili, tutakuwa tunalinda watoto wasio na wazazi. Kazi ya miaka minane haiwezi kurudi kwa kupiga muhuri.

Mwaka 1982 watu wa kisiwa jirani cha Apo, wakishauriana na Alcala na wenzake, walitenga sehemu ndogo ya mwamba wao upande mmoja wa kisiwa. Wao hawakufungua. Baada ya muda wageni walianza kuja kuzamia na mitungi ya hewa, wakalipa ada, na ada ile ikaleta faida kijijini. Baadaye kisiwa kiliingizwa katika hifadhi za taifa, bodi ikaundwa, na fedha zikawa hazina budi kupita katika mfuko wa serikali kabla ya kurudi; watu wakanung'unika kwa kucheleweshwa. Na mwaka 2011, tena mwaka 2012, tufani kubwa zilipiga na kuvunja matumbawe ya ile sehemu iliyotengwa, iliyolindwa miaka thelathini. Tumeyasema haya ili asiwepo mtu wa kusema kwamba Katibu alificha hasara. Tufani yaweza kutupiga na sisi. Hata hivyo watu wa Apo hawakusema, "Kwa kuwa imevunjika, na tuile." Waliendelea kuifunga.

Sasa tuseme juu ya fedha, na hapa ndipo tunapotakiwa kuona haya.

Mwamba ule, wakati wa bamvua, maji yakipwa asubuhi, ulikuwa shamba la mama zetu. Walishuka kwa miguu na vikapu na michokoo yao wakachokoa pweza. Hawakuwa na mashua, wala nyavu, wala jina katika daftari la wavuvi. Tulipokutana kuchora mstari wa tengefu, waliokaa chini ya mkungu walikuwa wenye vyombo. Mwenye ngalawa akifungiwa mahali pamoja huenda pengine. Mwenye miguu yake miwili hana pengine. Tumezisoma tena kumbukumbu za mkutano ule, tulizoziandika kwa mkono wetu wenyewe, na hamna jina la mwanamke hata mmoja.

Fedha za kwanza za wageni zilipopatikana, tuliezeka ofisi kwa mabati, tukanunua meza na kabati la mafaili. Tuliona fahari. Basi asubuhi moja mama mmoja aliingia, akaweka kikapu kitupu juu ya meza ile mpya, akasema, "Shamba mlilofunga ni langu, nyumba mliyojenga ni yenu." Sisi tulimjibu kwa kumsomea kifungu cha sheria ndogo za chama. Tungefurahi kama mngetuambia kwamba hamlikumbuki jambo hilo, lakini twajua kwamba mwalikumbuka. Mama yule yumo ukumbini leo. Tulikwisha kumwomba radhi faraghani. Kwa kuwa kosa lilifanyika ofisini mbele ya watu, twamwomba radhi mbele ya watu.

Tangu kosa lile Halmashauri imebadili utaratibu. Ada ya mgeni ikiingia, fungu la kwanza ni la kikundi cha wachokoaji pweza, kabla ya mshahara wa mlinzi, kabla ya mafuta, na kabla ya karatasi za ofisi. Wamekwisha kuchagua wawakilishi wao katika kamati ya tengefu. Mabinti wawili wa nyumba zile wamejifunza kuogelea na kuongoza wageni, ingawa wako waliosema kwamba si heshima. Wageni wanawake huwapenda sana, na fedha wanayopata hatujasikia mtu aliyeikataa kwa sababu ya heshima.

Walakini ada si kitu cha kukitegemea. Fungueni daftari la mwaka 2020. Mwishoni mwa Machi Serikali ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje kwa ajili ya ule ugonjwa wa korona, na hazikuruhusiwa tena mpaka Agosti. Katika ukurasa wa mapato ya wageni tulichora mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, kwa kuwa hapakuwa na la kuandika. Miwani na mirija ilining'inia ukutani ikipata vumbi. Lakini malema yaliyotegwa kando ya mstari wa maboya yaliendelea kuleta samaki, nao waliliwa katika nyumba ambazo hazikuwa na mshahara. Yule asemaye kwamba tengefu ni ya wageni aulize watu walikula nini mwaka ule.

Kwa hiyo Halmashauri imetuagiza tulete shauri lingine badala ya lile la kufungua. Pweza si kama chewa. Pweza hukua upesi mno, na umri wake wote ni kama mwaka mmoja au kuzidi kidogo. Jike hutaga mara moja, akalinda mayai yake, akafa. Kwa hiyo pweza aweza kufungiwa na kufunguliwa kwa majira. Huko Andavadoaka, Bukini, walianza kufanya hivyo mwaka 2004: walifunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi kadhaa, kisha wakafungua, wakapata pweza wakubwa, na vijiji vya jirani vikaiga. Twapendekeza kwamba ule ufuko wa mawe ulio kusini ya tengefu, ambao haujapata kufungwa, ufungwe kwa miezi mitatu na kufunguliwa wakati wa bamvua, na siku ya kufunga na ya kufungua wazipange mama zetu wenyewe. Tengefu ya katikati isiguswe. Aliye na njaa ya mwezi huu atapata kitu, na samaki wazazi watabaki mahali pao.

Limebaki neno dogo juu ya wageni. Tumepata malalamiko kwamba walinzi wetu ni wakali. Na wawe wakali. Mgeni asiyejua kuogelea vema husimama juu ya matumbawe apumzike, na kila mahali alipokanyaga huvunjika kitu. Wenye mapezi ya mpira miguuni hupiga teke bila kujua. Wako wanaotaka kumshika kasa wapigwe picha naye, na wako wanaoleta mkate kuwatupia samaki, kana kwamba samaki wa mwamba ni kuku. Mashua zifungwe katika maboya, nanga isitupwe ndani ya mstari hata kama nahodha ni mjomba wa mlinzi. Na mafuta ya kujikinga na jua yaachwe ufukoni. Mgeni avae shati. Haya yote yamebandikwa ofisini kwa lugha tatu, lakini tumeona kwamba watu hawasomi karatasi wakiwa na hamu ya kuingia majini, kwa hiyo viongozi watayasema kwa mdomo kabla ya mtu kuvaa miwani.

Bwana Mwenyekiti, kura itapigwa jioni. Kesho maji yatakuwa yamepwa saa nne na nusu asubuhi. Mashua mbili zitaondoka saa tatu kamili, na mjumbe yeyote wa chama chochote, aliyepiga kura yoyote, anaweza kupanda bila malipo. Miwani ipo ya kutosha. Wajumbe wa bara wasiotaka kuingia majini wametengenezewa ndoo zilizotiwa kioo chini. Mtu huiweka juu ya maji, akainamisha uso, akaona kila kitu bila kulowa isipokuwa mikono. Twawaomba wasije na viatu vya ngozi.